Siku Maziwa Yangu Yalipowalaza Chini Wazee wa Buyenzi

Walisema mtoto wa Buyenzi, mtaa wetu wa magaraji hapa Bujumbura, hawezi kuishi kwa maziwa. Naanza na maneno yao kwa sababu mimi si mtu wa kusahau, na kwa sababu kabla hamjanicheka (najua mtanicheka, na mna haki, siku ile hata mimi ningekuwa pembeni ningejishika mbavu) nataka mjue kwamba nilichosema nitafanya nilikifanya, ila njiani nilipita mahali pa aibu kubwa, aibu ya kulala kifudifudi chini ya meza mbele ya shehe na majirani, nikiwa nimelowa maziwa kuanzia utosini, na maziwa yenyewe niliyatengeneza mimi, mwenye diploma.

Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Baba mdogo Yasini, ndugu yake marehemu baba, ambaye duka lake la vipuri vya magari liko mtaa wetu huohuo.

"We mutoto," aliniambia siku ya kwanza tu niliporudi, hata sanduku sijafungua, "sisi hapa tunajua spana. Mutu akitafuta breki anakuja Buyenzi. Akitafuta maziwa anaenda kwa wenye ng'ombe. We ng'ombe utamujulia wapi? Hata mukia yake uliishashika?"

Mkia sikuwahi kushika, nakiri. Lakini diploma yangu ya teknolojia ya maziwa niliipata Bulgaria, kwa msaada wa masomo uliokuja kabla ya vita, na nilirudi Bujumbura vita vikiwa vimekwishaanza, wakati watu wenye akili timamu walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Wenzangu kule walinishika koti uwanja wa ndege. Nikawaambia nyumbani ni nyumbani, na kama watu wa nyumbani hawana amani basi angalau wawe na kitu kizuri cha kunywa. (Ndivyo nilivyosema kweli. Nilikuwa kijana na nilikuwa nimevaa tai.)

Ndani ya sanduku nilikuwa na diploma iliyofungwa kwa plastiki, na chupa moja niliyoivisha soksi mbili ili isivunjike. Ndani ya chupa kulikuwa na mbegu za kefiri. Kwa asiyejua, mbegu za kefiri ni madonge meupe yanayofanana na shufleri, yaani koliflawa. Unayatia kwenye maziwa, yanafanya kazi yao kimyakimya, na kesho yake unapata maziwa machachu yanayochezacheza ulimini kama soda. Mama alipoyaona mara ya kwanza alichukua kisu na kitunguu, nikawahi kumshika mkono.

Ndugu zangu, mimi nimekunywa maziwa ya dunia nzima ndani ya bweni moja. Wabulgaria walinilisha supu ya baridi ya mtindi, matango na kitunguu saumu, chakula ambacho ukikisikia unakunja uso na ukikionja unaomba tena. Mhindi wa chumba cha pili alinitengenezea maziwa yaliyotolewa siagi, akatia chumvi na bizari. Mmongolia mmoja alinieleza jinsi kwao wanavyokamua farasi, machozi yakimlengalenga kwa kukumbuka nyumbani. Na kila Ramadhani Myemeni alikuwa analoweka tende ndani ya maziwa tangu alasiri, na ikifika magharibi tunafungua nazo, yeye na mimi, katikati ya theluji. Hapo ndipo nilipopata wazo lililoniangusha.

Wakati ule mji ulikuwa hauna maziwa. Nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, makopo ya maziwa ya unga yalikuwa yametoweka madukani, na watu walikunywa chai nyeusi wakijifanya wanaipenda. Mimi nikasema: hii ndiyo saa yangu. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kinatazama barabara, nitakigeuza kiwe duka la maziwa. Na ili Buyenzi wajue ni maziwa gani, nitawaalika wazee na majirani kwa futari moja, wafungue kwa maziwa ya dunia, na wakitoka hapo hakuna atakayetaja spana tena.

Shida ni kwamba sikuwa na kitu hata kimoja. Aliyekuwa na kitu ni mama, na kitu chenyewe kilikuwa jina lake. Mama Swedi (Swedi ni mimi) alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwazima chochote bila kuuliza, kwa sababu tangu aolewe hapo alikuwa na sheria mbili: chombo cha watu kinarudi kizima, na hakirudi kitupu. Ukimpa sahani inarudi na sambusa, ukimpa sufuria inarudi na wali kidogo chini. Kwa hiyo akazunguka. Mikeka akapata, benchi akapata, na kwa Mama Zaituni, jirani wa ukuta kwa ukuta, akapata kitu ambacho Mama Zaituni alikuwa hajawahi kumpa mtu: glasi zake zenye ukingo wa dhahabu, ambazo marehemu mumewe alimletea aliporudi hija. Alizileta mwenyewe, zimefungwa ndani ya khanga moja moja.

"Mama Swedi," akasema, "ni sababu ya we. Angekuwa mwingine, wallahi, apana."

Mama akamjibu, "Zitarudi kama zilivyokuja." Mlisikie vizuri neno hilo, maana mimi nililisikia na sikutikisika hata kidogo.

Maziwa yenyewe yalitoka mtaa wa Kinanira, kwa Mzee Domisiyano, mstaafu wa serikali ambaye ng'ombe wa ukoo wake walikimbia vilima pamoja na wachungaji wao, naye akawafuga nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na maua ya mkewe. Nilikwenda na tai yangu nikamwuliza bei. Akanitazama kama nimemwuliza bei ya mjukuu wake.

"Kwetu maziwa haiuzwi, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi. "Nitakukopesha. Nawe siku yako utanirudishia maziwa. Apana pesa. Maziwa."

Nikamwalika kwenye futari. Akasema yeye ni Mkristo, hajafunga. Nikamwambia tumbo la Mkristo nalo lina haki ya kuona kefiri. Akacheka, akakubali.

Na bidoni la kuchachushia? Bidoni lilitoka kwa Baba mdogo, dumu lile la manjano la plastiki ngumu, na hata wakati wa kunipa alinipa na maneno: "Irudishe, Bwana Diplome. Hiyo inabeba maji, haijazoea masomo."

Sasa nifike kwenye kosa. Asubuhi ya siku yenyewe kila kitu kilikuwa sawa: supu ya Wabulgaria tayari, maziwa ya tende tayari, ya Mhindi tayari. Kefiri ndiyo ilikuwa bibi harusi wangu. Nilikuwa nimeiongezea sukari usiku uliotangulia ili itoe povu la kuwashangaza (kule Bulgaria hatukuitia sukari, na kule Bulgaria hakuna joto la Bujumbura, lakini nani alikuwa wa kunifundisha?). Bidoni likaanza kuzomea. Kifuniko kikawa kinatoa pumzi, psss, psss, na pumzi ile ilikuwa na harufu, na harufu ile, sina namna nyingine ya kuisema, ilikuwa harufu ya pombe ya ndizi.

Mama Zaituni, aliyekuwa uani anapanga glasi zake, akainua pua.

"Mama Swedi, kuna mutu anapika pombe humu? Ramadhani?"

Basi hapo. Mwalimu wangu kule, mama mmoja mnene mwenye mikono mikavu, alikuwa akiturudia kila tulipoingia maabara: kefiri ni kitu hai, iacheni ipumue. Nililijua hilo kama jina langu. Lakini mtoto wa Buyenzi mwenye diploma kuambiwa anapika pombe mwezi wa Ramadhani, saa chache kabla shehe hajafika! Nikakaza kifuniko. Kikazidi kuzomea. Ndipo nikafanya kile ambacho kila mtoto wa garaji anakifanya kitu kikimshinda: nikaenda kwa Baba mdogo, nikachukua kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ule tunaofungia kila kitu, mizigo ya baiskeli, bamba za magari, milango isiyofunga, nikauzungusha juu ya kifuniko na chini ya mkono wa bidoni, nikavuta, nikazungusha, nikavuta, nikapiga fundo. Likanyamaza. Harufu ikaisha. Nikalisukuma chini ya meza ya katikati, nikalifunika kwa kitambaa cha meza cha mama, kile cheupe chenye maua aliyoyatarizi mwenyewe akiwa mchumba, ambacho nacho mtaa mzima ulizoea kukiazima kwa harusi. Nikajisifu kwamba nimeunganisha sayansi ya Ulaya na ufundi wa Buyenzi.

Jua likateremka. Wageni wakafika, uani pakajaa. Wakati ule watu walikuwa wanafika mapema na kuondoka mapema kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, na doria ya askari ilikuwa imesimama kwenye kona ya barabara kama kawaida yake. Shehe akakaa mbele, Mzee Domisiyano kando yake na kofia yake ya heshima, Baba mdogo akachagua benchi la karibu na meza ili asikose kitu cha kunisema. Zilibaki dakika chache adhana iite. Mtu mwingine angenyamaza, akawaacha watu na njaa yao. Mimi nikasimama kuhutubia.

Nikawaambia dunia ni kubwa na maziwa ni mengi. Nikawapitisha Yemeni, nikawapeleka India, nikawaonyesha farasi wa Mongolia, na nikamwona Baba mdogo anafungua mdomo kuuliza juu ya farasi, nikampita. Nikasema, "Na sasa, wazee wangu, nitawaonyesha kitu ambacho masikio yenu hayajapata kukisikia."

Nikainama kuvuta kitambaa.

Sijui niwaelezeje mlio ule. Ninyi mliokuwa Bujumbura miaka ile mnajua kwamba mwili ulikuwa unaelewa kabla ya akili. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyegeuka kutazama. Uani pote palilala. Shehe alilala, wajane walilala, Mzee Domisiyano alilala ameshika kofia kichwani kwa mikono miwili. Na mimi, mhutubiaji, niliyejua chini ya meza kuna nini, niliyefunga fundo kwa mikono yangu, ndiye niliyekuwa wa kwanza kujitupa chini ya meza, nikipiga kelele, "Gerenadi! Gerenadi! Laleni!"

Kisha mvua ikanyesha. Nyeupe, ya baridi, chachu. Ilitoka kwenye ukingo wa mabati ikatudondokea taratibu, na kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia glasi ya mwisho iliyobaki nzima inayumba ukingoni mwa meza, inayumba, inayumba, halafu inaanguka.

"Hii ni damu?" mtu akauliza.

"Damu gani nyeupe?" akajibiwa.

Kutoka chini ya benchi ikaja sauti ya shehe, tulivu kabisa. "Adhana haijaita. Nani amemeza?"

Wazee wakatazamana chini ya mabenchi.

"Nauliza, nani amemeza?"

"Shehe," akasema Baba mdogo, uso wake wote ukiwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, "mi imeingia yenyewe."

"Uliimeza?"

"Niliogopa, nikameza."

"Kwa kukusudia?"

"Shehe, mi nilikusudia kuishi."

Shehe akasema aliyemeza bila kukusudia saumu yake haijaharibika, ila asilambe midomo. Wallahi, niliona wazee wazima wakijifuta midomo kwa mikono ya kanzu kama watoto walioiba sukari.

Tulikuwa hatujainuka sawasawa mlango ulipofunguliwa kwa teke. Doria. Kaporali mbele, bunduki mkononi, na wenzake nyuma yake, na hapo ndugu zangu hakuna aliyecheka, kwa sababu mlipuko ndani ya ua wa watu waliokusanyika haukuwa mchezo. Nyumba zilikuwa zinapekuliwa, vijana walikuwa wanachukuliwa kwa kidogo kuliko hicho.

"Nani ametupa gerenadi?"

"Si gerenadi, shefu," nikasema kutoka chini ya meza. "Ni maziwa."

"Unanichezea?"

"Shefu, ni kefiri. Inachacha, inatoa hewa, sasa hewa ikikosa pa kutokea, kwa kanuni ya…"

Mama akanipita. Alisimama mbele ya kaporali, ushungi wake unadondosha maziwa, akasema, "Baba, mutoto wangu alisomea maziwa Ulaya miaka mingi. Leo maziwa imemujibu."

Kaporali akatazama mabati, akatazama ndevu za shehe. Akaliona bidoni lililopasuka ubavuni, limebaki na kefiri kidogo chini. Akalielekeza kwa mtutu.

"Kama ni maziwa, kunywa."

Nikasema nimefunga. Akasema hajaniuliza. Na hapo, msikitini, mwadhini akaita. Maisha yangu yote sijaipenda adhana kama siku ile. Nikapiga bismillahi, nikalinyanyua bidoni la Baba mdogo lililochanika, nikanywa. Kaporali akanyoosha mkono, akanywa yeye pia, akatulia, akapiga mbweu kubwa mbele ya shehe.

"Inapiga puani," akasema. Wakaondoka.

Watu walifungua kwa maji ya bomba, maana supu ilikuwa na vipande vya glasi na maziwa ya tende yalikuwa mchangani. Mzee Domisiyano aliniaga kwa kunishika bega.

"Nilikukopesha maziwa mwana wanje," akasema. "Umenirudishia kichwani. Hiyo siihesabu."

Mama Zaituni alipiga magoti akaokota vipande vyenye ukingo wa dhahabu, akavifunga ndani ya khanga zilezile. Mama alipiga magoti kando yake asaidie. Mama Zaituni akamwondoa mkono, si kwa ukali. Hilo ndilo lililonichoma, siyo jina la Gerenadi ambalo kesho yake nililisikia kuanzia garaji hadi msikitini. Wiki iliyofuata mama alituma kuazima kinu kwa jirani, akaambiwa kimepasuka, na jioni tulikisikia kinatwanga. Binti wa mtaa akaolewa, na hakuna aliyekuja kuomba kitambaa cha meza cha mama. Alikifua, akakianika, akakikunja, akakiweka. Hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningepumua.

Ndipo kila mtu akanijia na ushauri. Baba mdogo akanipa spana, spana kweli, ndani ya gazeti: "Kamata, mutoto. Hii hailipuki." Nikampa mkono, nikamrudishia spana yake. Nikawaambia mlipuko ule haukutokana na kutojua maziwa, ulitokana na kuogopa mtu atasema nini, na kwamba kuogopa huko nimekumaliza kote siku moja, kumebaki kwenye mabati. Nikafungua duka chumba kilekile cha mbele. Mbegu za kefiri nilizobakiza zilikuwa hai chupani, maana chupa ilikuwa ndani, mbali na hotuba yangu. Mzee Domisiyano nilimwambia ukweli: kurudisha siwezi bila kukopa tena. Akakuna kidevu, akanikopesha tena, kwa sharti kwamba hatahudhuria.

Na mnajua mteja wangu wa kwanza alikuwa nani? Kaporali. Alikuja asubuhi na kopo lake la bati, akasimama mlangoni kwa mbali kidogo.

"Nipe ile ya kupiga puani," akasema. "Lakini uifungue we."

Askari akawaleta askari, askari wakawaleta makanika, makanika wakawaleta wake zao. Watu walikuja kwa kunicheka wakaondoka wanalamba vidole. "Nipe gerenadi moja," walisema, nami niliwapa gerenadi moja, kifuniko kimelegea, na bei haikupungua kwa sababu ya dhihaka. Kile walichokiita harufu ya pombe, shehe mwenyewe alikuja kukionja, akauliza inachacha muda gani, nikamweleza, akasema ikiwa hivyo ya siku moja haina neno, ila nisiiache ilale. Siilazi. Mpaka leo sikazi kifuniko cha kitu chochote kinachotaka kupumua, nimeapa hivyo na sitavunja, na hata kwangu nyumbani chumvi iko wazi.

Kurudisha kulichukua muda kuliko nilivyodhani, maana nilitaka kurudisha kwa sheria ya mama. Siku nilipokuwa tayari tuliondoka pamoja baada ya alasiri, yeye mbele mimi nyuma. Benchi lilirudi na miguu mipya na kata ya mtindi juu yake. Mikeka ilirudi kila mmoja na bakuli. Kinanira nilikuwa nimekwenda tangu asubuhi, Mzee Domisiyano alipokea mtungi umejaa maziwa niliyoyapata kwa ng'ombe wa kwanza niliyemiliki mimi mwenyewe (ndiyo, Baba mdogo, na mkia wake nimeushika), akayaonja, akasema, "Hii ninaihesabu."

Kwa Baba mdogo nilipeleka bidoni jipya la manjano, limejaa kefiri. Aliponiona nalo begani aliingia nyuma ya kaunta.

"Fungua we kwanza," akasema.

Nikafungua. Likasema psss, basi. Akajaza kikombe chake cha chai, akanywa, akaangalia dari.

"Maziwa unaijua, spana unaijua pia," akasema mwishowe. "Sikusema hauijui."

Ya mwisho ilikuwa kwa Mama Zaituni. Glasi zenye ukingo ule sikuzipata Bujumbura. Nilimwagiza mfanyabiashara mmoja anayekwenda Dubai, nikamchorea ukingo wenyewe kwenye karatasi, akaleta zinazofanana, si zilezile, nami sikudanganya kwamba ni zilezile. Mama alizibeba mwenyewe kwenye sinia, kila moja imejaa maziwa ya tende. Mama Zaituni alifungua mlango, akatazama sinia kwa muda mrefu, akachukua glasi moja, akanywa amesimama mpaka ikaisha. Akaigeuzageuza, akaipitishia kidole ukingoni.

"Yangu ilikuwa mizito zaidi," akasema.

"Ilikuwa," mama akasema.

Mama Zaituni akairudisha glasi kwenye sinia, akasema, "Mama Swedi, mi niko na wageni Jumamosi. Ile kitambaa yako ya maua, unaweza kuniazima?"

Mama akasema ngoja akatazame kama kimekauka. (Kilikuwa kimekauka tangu Ramadhani.)